Uzi wa Kushoto wa Melchora

Mimi Teodosio Huamanttica nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza kwa sababu mwalimu alikuwa akinionea wivu. Lakini macho ninayo. Kijiji chetu cha Qantupata kikitaka kujua jambo la mtu, humtuma nani? Waulize wenyewe. Kwa hiyo habari za Melchora, binti wa marehemu dada yangu, usizichukue kwa mtu mwingine. Wenzangu walisikia tu. Mimi nilishika kwa mkono.

Shuku zilianza na pia ya kusokotea. Kwetu mwanamke hasokoti akiwa amekaa tu. Husokota akienda kisimani, akichunga, akigombana na mumewe. Na pia hiyo huzunguka kulia. Uzi wa kushoto upo, naam, lakini ni wa kiasi: kipande cha kumfunga mjamzito kifundo cha mguu, kipande cha shingoni mwa lama anayekwenda safari ya mbali, mstari mwembamba pembezoni mwa gunia la viazi ili jicho baya lisipenye. Na kipande kingine, hapo watu hushusha sauti, cha kumfunga mtu usiyempenda. Uzi huo ukizidi urefu wa kamba ya kiatu, watu huanza kuuliza.

Melchora alisokota kapu zima.

Wa kwanza kuona alikuwa mke wangu, Paulina, ambaye macho yake ni ya pili kwa ubora hapa kijijini.

"Baba Wilber, mpwa wako anasokota kushoto."

"Labda ana mimba."

"Kwa umri ule? Na kapu lile? Labda ana mimba ya kijiji kizima."

"Ulihakikisha ni kushoto? Ulikuwa umesimama upande gani?"

"Nilisimama upande wa mtu mwenye akili. Upande ambao wewe huujui."

Paulina akishafika hapo, mwanamume mwenye busara hutafuna majani yake ya koka na kutazama milima.

Lakini ngoja nikwambie Melchora ni mtu gani, usije ukadhani ni kizee chenye ndevu kinachoongea na chura. Ni mwanamke mfupi, mashavu mekundu kwa baridi, ulimi kama upupu. Alipokuwa mdogo aliufumua mshipi wa bibi yake, mshipi mzima, wenye ndege na macho ya ndege. Alipoulizwa, akajibu, "Nilitaka kuona ulikoanzia." Bibi alimwonyesha ulikoanzia kwa majani ya upupu. Alipokua alikwenda mjini Cusco kupika katika nyumba ya daktari mmoja, akarudi bila mali yoyote isipokuwa tabia ya kukitumbulia macho kitu mpaka kione haya. Akaolewa na Fidencio, mtu mwema, anayelala. Akafuma mishipi ya watalii: lama wekundu, lama wekundu, tena lama wekundu. Maduka ya Cusco yakaiuza. Mtalii akiuliza nani kafuma, anaambiwa "akina mama wa milimani", kama vile milima ndiyo inayofuma.

Halafu tukachimba mfereji mpya wa maji. Jembe la Melchora likaibua kitambaa cha kuzikia cha wale wa kale, cheusi, ukubwa wa leso. Wale wa makumbusho wakaja mbio na makasha yao, wakakichukua. Wengine tukasahau. Yeye akapanda gari mpaka Cusco kwenda kukitazama huko ndani ya kasha la kioo. Mtu anatoka hapa, anaacha viazi shambani, anakwenda kuangalia tambara la maiti! Aliporudi hakufuma tena lama hata mmoja. Akachagua manyoya ya alpaka weusi, bila kuyatia rangi, na ile pia yake ikaanza kuzunguka upande ule usiopendwa.

Sasa wewe ungeshuku au usingeshuku?

Watu walimuuliza. "Unafuma nini, Melchora?" Akajibu, "Nguo." "Nguo gani?" "Ikiisha mtaiona. Nguo ikisemwa kabla haijafungwa hupinda, hilo hata watoto wenu wanalijua." Na ni kweli, hilo tunalijua. Lakini jibu la kweli linaweza kuwa pazia pia.

Wakanituma mimi. "Nenda kama mjomba," akasema Hilarión, mwenyekiti wetu, mtu mwenye shingo fupi na shamba pana. "Mjomba habishi hodi."

Nikabeba mfuko wa viazi vikavu, vile vya kukaushwa na sakitu, ile barafu ya usiku, ili nionekane nimekuja kwa wema. Nikamkuta uani akigonga vigingi ardhini.

"Karibu, mjomba. Umekuja kupeleleza au umekuja kula?"

"Nimekuja kukusalimu, mwanangu."

"Basi vyote viwili. Kaa pale, nyuma ya kigingi kile."

Nikakaa kabla sijajua ninakalia nini. Kutanda nyuzi kwetu ni kazi ya wanawake wawili: mmoja huku, mmoja kule, vigingi katikati, wanarushiana donge la uzi, linakwenda na kurudi mpaka mtande ujae. Mtu mmoja hawezi. Na wanaume hawatandi.

"Melchora, mimi mwanamume."

"Nimeona. Nimemwita Eufemia, akasema mkono unamuuma. Nikamwita jirani yake, akasema ana wageni. Kila mlango niliobisha, mkono unauma, wageni wamejaa. Nikadhani ni sikukuu nimeisahau." Akanirushia donge. "Mjomba peke yake ndiye hana mkono unaouma wala mgeni anayemtaka."

Nikalidaka. Nilidaka vizuri sana, nikwambie. Wanawake waliotanda tangu utotoni wangejifunza kwangu. Madonge yalikuwa mawili, yote meusi, weusi ule ule. Alikuwa akirusha moja mara kadhaa, kisha lile jingine. Lakini vidole vyangu si vya kuazima. Uzi wa donge la kwanza ulijiviringa kwenye kidole kwa kulia. Wa donge la pili kwa kushoto.

"Melchora, huu ni wa kushoto."

"Mjomba ana vidole! Rusha."

"Na huu wa kulia. Na rangi ni ile ile. Nani ataona tofauti?"

"Rusha, mjomba."

"Ni wa kumfunga nani?"

"Wa kumfunga mtu anayeuliza maswali huku ameshika donge. Rusha!"

Nikarusha. Jua lilipoinama nilirudi kwangu, Paulina akanizuia mlangoni.

"Vua poncho hapo hapo. Umegusa?"

"Nimerusha tu."

"Umerusha bila kugusa? Wewe malaika?" Akanifukizia moshi wa majani, akanisugua mikono kwa majivu kama mtu anayesugua sufuria. Simbilisi tunaowafuga jikoni wote wakakimbilia pembeni. Hata wao waliniogopa.

Kijijini nilieleza nilichokiona, neno kwa neno, bila chumvi: nyuzi nyeusi, za kushoto na za kulia. Lakini neno likitoka mdomoni mwangu limenyooka, hufika kwa jirani lina mkia. Kabla watu hawajamaliza supu, nyuzi zile zilikuwa nywele za maiti, na mimi nilikuwa nimetanda jina la kila mtu anayelima mteremkoni.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Iliupiga mteremko wa juu, ikavunja majani ya viazi vya Hilarión na vya jirani zake, ikafika mpaka wa shamba la Melchora, ikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mvua ya mawe kwetu hufanya hivyo kila mwaka kwa mtu fulani. Mwaka huo ilimfanyia Melchora, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Fidencio naye, alipokunywa chicha ya mavuno, pombe yetu ya mahindi, akafungua mdomo kabla hajafunga macho. "Mke wangu," akasema, "nguo yake inafuatwa na gari kutoka Cusco. Itatundikwa ukumbini, pamoja na vitu vya wasanii. Na jina lake." Akalala hapo hapo, akituachia moto mikononi.

Mkutano ukaitishwa. Melchora alikuja na pia yake, akakaa chini, akasokota. Kulia, kushoto, hakuna aliyethubutu kuinama kutazama.

"Nguo yako ina picha gani?" akauliza Hilarión.

"Haina."

"Rangi?"

"Ya alpaka."

"Kwa hiyo gari linatoka Cusco, linapanda milima yote hii, kufuata nguo nyeusi isiyo na picha." Watu wakacheka. "Cusco hakuna magunia meusi?"

"Yapo," akasema Melchora. "Wanayatumia kufunika vichwa vya wenyeviti."

Tukacheka zaidi, mimi wa kwanza, mpaka Paulina akanifinya. Hilarión hakucheka. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mvua imeshatupiga kitu hicho kikiwa ndani ya kibanda chake. Kikitoka kijijini kitatoka na nini? Kifumuliwe kabla gari halijafika."

Hapo likazuka jambo ambalo mtu wa mjini asingelifikiria. Kitafumuliwaje? Nguo yetu haikatwi. Hufumwa kingo zote nne zikiwa zimefungwa, hakuna mahali mkasi umepita, na anayeikata ni kama amemchinja mtu. Mlozi ni mlozi, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuonekana na kisu mkononi. Kuchoma? Huchomwa nguo za marehemu. Basi ni kuitafuta ile sehemu mfumaji alipofungia, mle ndani ya nguo, na kuirudisha nyuma uzi kwa uzi. Na aliyetanda ndiye hutandua. Wote wakageuka kunitazama.

Mimi huwa napenda kutazamwa. Siku ile sikupenda.

Melchora alisimamisha pia. "Mjomba afumue, sina neno. Lakini isifumuliwe kibandani kama kuku wa wizi. Itundikwe asubuhi kwenye ukuta wa shule, kila mtu aione, halafu afumue."

"Sawa," akasema Hilarión, akifurahi kupata umati. "Kwenye ukuta wa mbele."

"Hapana. Ule wa ubavuni."

"Ukuta ni ukuta."

"Kama ukuta ni ukuta, basi ule wa ubavuni."

Nikaliweka hilo moyoni. Kwa nini wa ubavuni?

Tukarudi pamoja njiani. Hakunitukana, na hilo lilinitia hofu kuliko matusi. "Mjomba," akasema, "misimu miwili ya mvua nimekaa kwenye ule mkanda wa kiunoni wa kufumia. Mgongo wangu uko mle. Mishipi niliyofuma imejaa dunia nzima, hakuna hata mmoja wenye jina langu. Nguo ni hii moja tu."

"Basi niambie ni ya nini, nikakutetee."

"Nikikwambia utakwenda kusema, kisha kila mtu ataona ulichosema wewe."

Unamwonaje mtu kama huyo? Anaweza kuwa msanii. Anaweza pia kuwa mtu anayeficha kitu. Mimi nilikuwa nampenda, na nilikuwa namshuku, na vyote viwili vilikaa kifuani mwangu kama majogoo wawili katika banda moja.

Asubuhi jua lilikuwa bado nyuma ya mgongo wa mlima Yanaqaqa. Baridi ya kukata masikio. Tukaitundika. Ilikuwa kubwa kuliko milango miwili ya shule, nyeusi tupu, juu mpaka chini. Watu walikuwa wameacha uji wao kuja kuona mashetani, wakaona gunia.

"Ndiyo hii?" akasema Eufemia.

"Inafaa kufunika jeneza la lama," akasema mtu.

Pikapu ya Cusco ikafika, dereva akashusha kioo, akatutazama huku akitafuna mkate. Kitu alichofuata kilikuwa ukutani, na mbele yake mzee, yaani mimi, amekaribia na sindano ya mfupa. Nadhani alikuwa ameona vitu vingi katika kazi yake, maana aliendelea kutafuna.

"Fumua, Teodosio," akasema Hilarión.

Ile sehemu ya kufungia haionekani kwa macho ukiwa mbali. Inabidi uitafute kwa vidole na shavu. Nikaegemeza shavu langu kwenye nguo, jicho moja likiutazama ukuta kwa urefu wake, nikaanza kupapasa. Melchora alisimama karibu yangu. Hakuitazama nguo. Alikuwa akiutazama mlima.

Jua likapanda juu ya mgongo wa Yanaqaqa, likaja kwa ubavu, likiparuza ule ukuta kama mkono unaopangusa vumbi.

Nguo ikaamka. Sina neno jingine. Mahali palipokuwa na weusi mmoja pakawa na mistari: mmoja unang'aa kama mgongo wa nyoka, wa pili umefifia kama masizi, unaofuata unang'aa. Uzi wa kulia ulipokea nuru, uzi wa kushoto uliikataa. Hakuna rangi iliyotiwa; nadhani ndicho alichokwenda kukiona kwenye kile kitambaa cha wale wa kale. Mistari mipana, myembamba, imelala ubavu kwa ubavu.

Nikasahau sindano. Nikarudi nyuma nikakanyaga mguu wa mtu.

"Mteremko," nikasema. "Ni mteremko wetu!"

"Mteremko gani?"

"Mashamba! Ule mpana wa mwanzo ni jabali la mapumziko. Halafu shamba la kina Eufemia, halafu..."

Wakasogea. Mashamba yetu ya juu ni vipande virefu vyembamba vinavyoshuka sambamba toka kwenye jabali mpaka kwenye kijito, na kila mtu anajua chake ni cha ngapi toka jabalini, kama anavyojua meno yake. Vidole vikaanza kunyooshwa. "Huu wetu!" "Huu wa marehemu baba!" Mzee mmoja akavua kofia. Kwa muda mfupi, nakuapia, hakuna aliyemshuku mtu.

Muda mfupi kweli. Sauti ya Paulina ndiyo iliyoukatiza.

"Mbona wa Hilarión mwembamba?"

Vidole vikashuka.

"Melchora," akaendelea Paulina, "haya ni mashamba ya lini?"

"Ya nilipokuwa namfuata mama kuvuna," akasema Melchora. "Ndivyo ninavyoyakumbuka."

Macho yote yakatoka kwenye nguo, yakapanda mteremkoni, yakarudi kwenye nguo, yakatua kwenye shingo fupi ya mwenyekiti.

"Fumua, Teodosio!" akafoka Hilarión. "Unangoja nini?"

"Asiiguse!" akasema Eufemia, akaninyang'anya sindano kwa mkono ule ule uliokuwa ukimuuma. "Mwenyekiti, tuambie kwanza. Mpaka wako ulikula chakula gani, ukanenepa hivyo?"

"Mnamwamini mlozi?"

"Jana alikuwa mlozi. Leo ni shahidi."

Ikawa vurumai. Kila mmoja akimtazama jirani yake kwa jicho la upande, akipima mstari kwa vidole. Mtu na shemeji yake wakasimamiana vifua. Ndipo mmoja akatoa wazo lililomshtua Melchora: "Hii nguo haiendi popote! Ifungiwe shuleni, iwe ushahidi wetu."

"Ifungiwe! Ifungiwe!"

Hapo kwa mara ya kwanza nilimwona mpwa wangu akiogopa. Walipotaka kuifumua alisimama wima. Walipotaka kuiweka, alijibanza ukutani. Akashika pindo la nguo kwa mikono miwili, akanong'ona, "Mjomba, wacheleweshe."

Kuchelewesha watu ni kipaji changu. Nikapanda juu ya jiwe, nikaanza kueleza jinsi nilivyotanda uzi ule kwa mikono yangu mwenyewe, nilivyoushuku tangu mwanzo, na nilivyogundua siri mapema ila nikaitunza. Wakanizomea. Wakanirushia ganda la viazi. Nikaongeza habari za mwalimu wa darasa la tatu. Jua likazidi kupanda.

"Huu hapa ndio mpaka wangu," Eufemia alikuwa akisema, kidole kwenye nguo, "unaishia... unaishia..." Akainamisha kichwa. Akakiinamisha upande wa pili.

Mistari ilikuwa imekwenda. Jua lilikuwa limeacha ubavu, sasa lilimwagika usoni mwa ukuta, na nguo ilikuwa nyeusi tupu, juu mpaka chini.

"Iko wapi?"

"Ilikuwa hapa!"

"Nguo nyeusi isiyo na picha," akasema Melchora, sauti imemrudia. "Si mlisema wenyewe? Mtaweka ushahidi gani, wa gunia?"

Wakabaki wameshangaa, vichwa vimeinama kama kuku wanaosikiliza. Melchora akaanza kuikunja. Na unajua nani alikimbilia kumsaidia kuibeba mpaka kwenye pikapu? Hilarión. Aliifunga kamba mwenyewe, fundo juu ya fundo, akampigia dereva bodi la gari: "Nenda, nenda, njia ni mbaya, usikawie!"

Mpaka leo watu wanapanda mteremkoni kila mtu kwa wakati wake, wanapiga hatua kimyakimya kati ya mawe ya mipaka. Mimi pia nimepanda. Mstari wangu ulikuwa mpana kuliko shamba nililonalo, nimeuona kwa macho haya. Mwanangu Wilber alituletea kwenye simu picha ya ule ukumbi wa Cusco: nguo imetundikwa, taa imewekwa ubavuni, na chini yake jina, Melchora Ttupa Huamanttica. Huamanttica ni upande wangu, kwa hiyo na mimi nimo ukutani.

Lakini swali halikuniacha. Wakati alipochagua ukuta ule, alijua? Alijua jua litakaa kiasi gani? Na mashamba ya mama yake, aliyakumbuka kweli, au aliufanya mstari wa Hilarión mwembamba kwa sababu zake mwenyewe? Nikaenda kumuuliza. Nikamkuta uani, vigingi vimeshasimama, ananingoja kama mtu aliyeniita.

"Melchora, niambie ukweli."

"Kaa, mjomba." Akanirushia donge.

Safari hii madonge yalikuwa meupe, yote mawili. Nikauvuta uzi wa la kwanza kwa kidole: kulia. Nikalipapasa la pili mara mbili, nikalilamba kidogo, nikaliweka kwenye shavu. Kulia pia. Uzi wa kawaida kabisa, kama wa mtu asiye na neno lolote moyoni.

Hapo ndipo niliposhuku kwelikweli.